Mtandao wa watu 5, wa watu 25 na wa watu 120: wapi pesa iende, wapi isiende

Simu nyingi ninazopigiwa huanza vilevile. "Fundi, ofisini tuko kumi na wawili, nipe bei ya mtandao." Nami namwuliza: "Bosi, hao kumi na wawili wana vifaa vingapi? Na mtandao ukilala saa moja, mnapoteza nini?" Hapo tunaanza kuhesabu pamoja kwenye simu: kompyuta mpakato 12, simu za mkononi 14 kwa sababu wawili wanatembea na simu mbilimbili, printa 2, kamera 6, mashine ya kidole ya mahudhurio mlangoni, televisheni ya chumba cha mikutano, na mashine ya EFD ya risiti za kodi. Watu 12 wameshakuwa vifaa 37, na bado hatujamhesabu mgeni hata mmoja.

Kwa hiyo nitalinganisha ofisi tatu, lakini usisome idadi ya watu peke yake. Soma na vifaa, soma na hasara ya saa moja. Ya kwanza ni chumba kimoja Kariakoo, ghorofa ya tatu, watu 5, kazi yao ni uwakala wa forodha. Ya pili ni nyumba ya makazi Mikocheni iliyogeuzwa ofisi, chini na juu, watu 25, wanafanya uhasibu. Ya tatu ina sakafu nne za jengo la katikati ya mji wa Dar es Salaam, watu 120, na tawi dogo Mwanza. Sizungumzii mteja mmoja mmoja. Nimezichanganya kutoka kazi nyingi nilizofanya.

Kebo kabla ya kila kitu

Naanza na kebo kwa sababu ndiyo inayodumu kuliko vifaa vyote, na ndiyo watu wanayoibania pesa kuliko vyote. Ruta utaibadilisha baada ya miaka minne, mitano. Swichi, kile kisanduku cha kuunganisha kebo zote za ofisi, labda saba. Kebo ikishaingia darini na kwenye kuta itakaa humo miaka 15, na kuifumua ni kuifumua ofisi nzima.

Kariakoo haidai mengi. Kebo ya daraja la Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na chumba chenyewe hakifiki mita 10. Pitisha kebo nne au tano kwenye trankingi za plastiki ukutani, funga, nenda nyumbani.

Mikocheni weka daraja la juu yake, Cat6, pointi mbili (matundu ya kuchomekea kebo) kwa kila meza. Wateja huuliza kwa nini mbili wakati mtu ana kompyuta moja. Gharama kubwa si kebo yenyewe, ni mafundi kupanda darini kwenye joto lile. Wakishapanda, kuvuta moja au kuvuta mbili ni jasho lilelile. Hesabu iko hivi: meza 25 ni pointi 50, kila pointi wastani wa mita 25, jumla mita 1,250. Boksi moja la kebo lina mita 305. Maboksi manne yana mita 1,220, kwa hiyo utapungukiwa siku ya mwisho wakati duka limefungwa. Nunua matano. Kitakachobaki kitaenda kwenye kamera na vituo vya Wi-Fi.

Jengo la sakafu nne lina sheria zake. Mita 100 zile si za kuchezea: hesabu mita 90 ndani ya ukuta na mita 10 za vipande vya kuunganishia mezani na kabatini. Kwa sababu hiyo kila sakafu inakuwa na kabati lake la vifaa vya mtandao, na kabati kwa kabati unavuta faiba, kebo inayopitisha data kwa mwanga. Shaba ya Cat6A inafikisha gigabiti 10 kwa mita zote 100, wakati Cat6 kwa kasi hiyo inaishia kama mita 55. Sioni sababu ya kumlipia mhasibu Cat6A hadi mezani kwake. Kwenye vituo vya Wi-Fi vya sakafu yenye watu wengi, naiona.

Na kama ofisi yako ina majengo mawili, kati yao pita na faiba tu. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi, na huko niliwahi kukuta swichi mbili, kila moja kwenye jengo lake, zimeunganishwa kwa kebo ya shaba iliyoning'inia juu ya uwanja. Usiku mmoja wa mvua ulitosha. Asubuhi zote mbili zilikuwa zimekufa, na kompyuta tatu zilizokuwa zimechomekwa zikafa nazo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote. Sokoni kuna kebo ambayo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Boksi lake limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa, halafu pembeni kuna herufi tatu ndogo, CCA. Mengine hata hizo hayana. Kabla ya kulipa, omba kipande cha shubiri moja. Menya ganda la nje, chagua uzi mmoja, umenye nao, kisha ukwangue kwa kiwembe. Shaba ya kweli ukiikwangua inabaki nyekundu ileile hadi ndani. Ukiona weupe, rudisha boksi. Uzito nao unasema: boksi la shaba linakukaza mkono, la alumini unalinyanyua ukidhani wamelipunguza.

Kwa nini nashikilia hivi? Alumini inaukinza umeme zaidi kuliko shaba, na siku hizi kebo ya mtandao inabeba data na umeme wa kamera pamoja. Mchana kamera inafanya kazi vizuri. Usiku taa zake za kuonea gizani zinawaka, inataka umeme zaidi, kebo ndefu ya alumini haiwezi kuufikisha, kamera inajizima na kujiwasha mpaka asubuhi. Fundi anaitwa saa nne asubuhi, anaikuta nzima. Nimepanda darini mara nyingi kutafuta kamera mbovu ambayo haikuwa mbovu hata kidogo.

Jambo dogo la mwisho kwenye kebo, lakini lifanyike katika ofisi zote tatu: andika namba kwenye ncha zote mbili za kila kebo siku ileile unapoivuta. Ukisema utaandika kesho, hutaandika.

Wi-Fi: ukuta ndio unaoamua

Kwa Kariakoo, ruta moja yenye Wi-Fi inatosha, mradi ikae juu, mahali pa wazi, isifichwe nyuma ya friji au ndani ya kabati la chuma. Tatizo la pale ni majirani. Kila chumba kwenye ghorofa kina Wi-Fi yake, na katika masafa ya gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Fikiria watu hamsini wanazungumza kwenye vyumba vitatu. Hamishia kompyuta zote kwenye gigahezi 5, ambako nafasi ni kubwa zaidi na mawimbi hayapenyi sana kuta za jirani. Printa ya zamani isiyojua gigahezi 5 iachie 2.4, haitalalamika.

Mikocheni kuta ni za matofali ya saruji, bafu lina vigae, na kati ya chini na juu kuna zege lenye nondo. Watu hununua ruta moja yenye antena nane wakidhani zitapenya. Hazipenyi. Hapa una njia tatu. Ya kwanza ni kirudia-mawimbi cha kuchomeka kwenye soketi: ni rahisi kwa bei, lakini kinasikiliza na kurudia kwenye hewa ileile, hivyo kasi inaanguka karibu nusu. Kwa ofisi sikishauri. Ya pili ni mfumo wa vituo vinavyozungumza vyenyewe kwa vyenyewe bila kebo. Hufaa pale mwenye nyumba hataki kuona tundu hata moja. Ya tatu ni vituo vya Wi-Fi vya kufunga darini, kila kimoja kikiwa na kebo yake kutoka kwenye swichi. Hii ya tatu ndiyo ya ofisi. Kwa nyumba ile ningefunga vinne, viwili chini na viwili juu, visikae kimoja juu ya kingine.

Nikiwa hapo, niwaambie wenye ofisi za Mji Mkongwe, Zanzibar. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinafika karibu nusu mita, na mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo hutoboi unavyotaka. Usihesabu Wi-Fi ipenye ukuta hata mmoja. Hesabu chumba kimoja kituo kimoja, na upitishe kebo kwenye matundu yaliyopo tayari, yale ya nyaya za umeme za zamani zisizotumika au juu ya fremu za milango.

Kwenye sakafu nne hesabu inageuka. Huko hupangi vituo kwa mita, unapanga kwa watu: kituo kimoja kwa watu 25 hadi 30 ni kiasi cha kufanyia kazi kwa amani, na chumba kikubwa cha mikutano kipate cha kwake. Kosa la kawaida ni kuongeza nguvu ya kila kituo hadi mwisho. Kituo kinasikika mpaka kwenye maegesho ya magari, simu yako inaonyesha mistari yote, lakini ukurasa haufunguki. Simu ina sauti ndogo. Inakisikia kituo, kituo hakiisikii simu. Punguza nguvu, ongeza vituo.

Swichi, na nani akae na nani

Ofisi ndogo inunue swichi ya matundu 8 isiyopangiliwa, yaani isiyo na mipangilio ya kubadilisha, ichomeke, isahau. Ruta nyingi za siku hizi zina mtandao wa wageni tayari, uwashe huo. Mteja anayesubiri hati zake za bandari atapata intaneti bila kuiona printa wala folda za ofisi. Yatosha.

Kwa Mikocheni usinunue swichi isiyopangiliwa, hata ikiwa nusu bei. Nieleze kwa nini. Asubuhi moja niliitwa ofisi moja ya watu kama 40, hakuna kitu kinachofanya kazi. Intaneti haipo, printa haipo, simu za mezani kimya. Nikafungua kabati: taa zote za swichi zinawaka na kuzimika pamoja, haraka haraka, bila kupumzika. Mtu alikuwa amefagia, akakuta kebo imelala sakafuni, ncha moja iko ukutani, akaichomeka ncha ya pili kwenye tundu la jirani ili isikanyagwe. Nia njema kabisa. Lakini kebo ile ilikuwa sasa imeunganisha swichi na yenyewe, na kila ujumbe ulikuwa unazunguka na kuzaa mwingine. Ilinichukua saa mbili kuipata, nikichomoa kebo moja moja kwa sababu hakuna iliyokuwa na namba. Swichi inayopangilika inaligundua duara kama hilo ndani ya sekunde chache na kulifunga tundu husika. Saa mbili za watu 40 ni saa 80 za mishahara. Tofauti ya bei ya swichi ilikuwa imelipwa siku hiyo moja.

Swichi inayopangilika inakupa pia VLAN, yaani kuugawa mtandao mmoja uwe kama mitandao kadhaa isiyoonana. Kwa wahasibu 25 ningegawa sehemu nne: wafanyakazi, wageni, kamera, na simu za mezani kama zipo. Kamera nazitenga kwa msisitizo, kwa sababu nyingi zimefungwa na neno la siri lililotoka nalo kiwandani na hakuna aliyelibadilisha. Na wahasibu wanashika mishahara na taarifa za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mgeni aliyeketi mapokezi akiweza kuona kompyuta ya mishahara, tatizo hilo limeshavuka mipaka ya fundi.

Kwa watu 120 tatizo linalojitokeza kwanza ni anwani, yaani namba ambayo kila kifaa hupewa ili kitambulike kwenye mtandao. Mpango wa kawaida wa ruta, ule wa 192.168.1, una nafasi 254 tu. Watu 120 wakiwa na kompyuta na simu ya mkononi ni 240. Ongeza simu za mezani, kamera, printa, wageni. Dalili yake naijua kwa harufu: saa mbili asubuhi mambo shwari, saa tano waliochelewa wanalalamika kwamba simu inazunguka tu "inatafuta anwani". Waliowahi wanaingia, waliochelewa hawaingii. Wengi hukimbilia kununua intaneti yenye kasi zaidi, na haisaidii kitu. Dawa ni kuwatenga watu kwa VLAN, kila moja na anwani zake, na kwa wageni kupunguza muda wa kushika anwani. Mgeni aliyekuja dakika 20 asiishike hadi kesho. Saa moja inamtosha.

Nami huwa napanga namba zenye maana. Mfano 10.1.30: ile 1 ni Dar es Salaam, 30 ni kamera. Mwanza inakuwa 10.2.30. Ukiona anwani kwenye ripoti saa nane usiku unajua mara moja ni kitu gani, kiko wapi. Na hata ofisi ndogo ningeishauri iiache 192.168.1 na 192.168.0, kwa sababu ndizo zilizo kwenye ruta nyingi za nyumbani. Siku mfanyakazi atakapotaka kuingia kwenye mtandao wa ofisi kwa VPN, njia ya faragha inayopita juu ya intaneti, akiwa nyumbani, kompyuta yake itaona anwani za ofisi na za sebuleni ni zilezile, na haitajua ipeleke wapi.

Vitabu vya mafunzo hufundisha mtandao mkubwa wa matabaka matatu: swichi za mezani, za kukusanya, na za kiini. Kwa sakafu nne matabaka mawili yanatosha. Swichi za kila sakafu, na swichi mbili za kiini chini, kila sakafu ikiwa na faiba kwenda kwenye zote mbili. Moja ikifa, nyingine inabeba. Tabaka la tatu liache kwa wenye majengo mengi, kama vyuo na hospitali kubwa. Ukiona mapendekezo ya bei yenye matabaka matatu kwa watu 120, uliza kila kisanduku kinafanya kazi gani ambayo cha chini yake hakiwezi.

Umeme

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi, kwa sababu wanauweka umeme mwisho wa orodha, kama kiambatanisho. Kompyuta mpakato ina betri yake. Simu ina betri yake. Umeme ukikatika, wafanyakazi wote wana mwanga kwenye skrini zao na hawana mtandao, kwa sababu ya visanduku vitatu vidogo ambavyo vyote pamoja havifiki hata taa moja ya uwanjani.

Hebu tuhesabu kwa Mikocheni. Kisanduku cha faiba wati 10, ruta wati 10, swichi wati 20, vituo vinne vya Wi-Fi wati 12 kila kimoja, yaani 48. Jumla wati 88. UPS, yaani kisanduku cha betri ya akiba, ile ndogo ya dukani ina betri ya volti 12 na ampea-saa 7, sawa na wati-saa 84. Ukitoa kinachopotea njiani, utapata kama nusu saa. Inatosha kuwasha jenereta. Ukitaka siku ya kazi, weka inveta na betri moja ya ampea-saa 100: wati-saa 1,200, utumie nusu yake ili usiiue mapema, unapata karibu saa sita. Paneli mbili za sola juu ya bati zitakuongezea.

Lakini hesabu hiyo inawezekana kwa sababu vituo vya Wi-Fi vinapata umeme kupitia kebo ya mtandao, kutoka kwenye swichi, njia inayoitwa PoE. Kama kila kituo kingechomekwa kwenye soketi ya chumba chake, ungehitaji UPS nne, moja kila chumba, na moja ingekuwa imekufa bila mtu kujua. Ukichagua swichi, angalia mambo mawili. Kiwango: cha kwanza, 802.3af, kinatoa wati 15.4 kwa tundu, na kilichofuata, 802.3at, kinatoa 30. Halafu jumla: swichi ya matundu 24 inaweza kuwa na wati 190 kwa zote, si 30 mara 24. Ukichomeka kamera 16 za kuzunguka, matundu ya mwisho yatakosa.

Kariakoo UPS moja inayobeba ruta na kisanduku cha faiba inatosha. Kwa sakafu nne kila kabati liwe na UPS yake juu ya jenereta la jengo, kwa sababu jenereta huchukua sekunde kadhaa kushika, na sekunde hizo zinatosha kuzima swichi ambayo itachukua dakika kadhaa kuwaka tena.

Laini ya intaneti

Kwa ofisi ndogo: faiba kama inafika kwenye jengo, na ruta inayokubali laini ya simu ya 4G kama akiba. Siku faiba ikikatwa na watu wanaochimba mfereji, laini ya simu inashika yenyewe. Kwa uwakala wa forodha hili si anasa, kwani kontena likichelewa kutolewa bandarini gharama za kuhifadhi zinahesabika kwa siku.

Mikocheni weka faiba mbili za makampuni tofauti, au faiba moja na redio ya juu ya paa inayoleta intaneti kwa mawimbi. Uliza swali moja kabla ya kusaini: kebo zenu zinaingia mtaani kwa njia gani? Kampuni mbili zikitumia nguzo zilezile, lori moja linaziangusha zote.

Kwa ofisi kubwa swali hilohilo lifike mpaka baharini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Waliokuwa na laini mbili, zote zikipita kusini kwa kebo hizohizo, walikuwa wamelipia laini moja mara mbili. Mwombe muuzaji akuandikie laini yake inatoka nje kwa kebo ipi, na kama kuna njia ya kaskazini. Wapo wanaojibu vizuri. Asiyetaka kujibu, umeshapata jibu.

Kuhusu tawi la Mwanza: si lazima ulipie laini ya pekee hadi Dar es Salaam. VPN kati ya fayawoli mbili, visanduku vya kulinda mtandao, kimoja kila ofisi, inatosha kwa watu kumi, kumi na tano, na inawekwa ndani ya siku moja.

Chapa

Nitakuwa mfupi, maana mabishano ya chapa hayana mwisho. MikroTik inafanya mambo mengi kwa bei ndogo, ila inamtaka fundi anayeijua. Ikipangwa na asiyeijua ni mlango wazi. UniFi ya Ubiquiti na Omada ya TP-Link zinakupa vituo, swichi na ruta kwenye skrini moja, na kwa watu 25 naona ndizo zinazofaa zaidi, kwa sababu hata mtu wa ofisini anaweza kuona kituo gani kimezima. Cisco na Aruba zinaanza kulipa pale unapohitaji mkataba wa msaada na kifaa mbadala haraka. Kwa sakafu nne lifikirie kwa uzito, lakini soma gharama ya leseni ya mwaka wa pili na wa tatu, si bei ya leo tu.

Ukiwa katikati

Nirudi kwa yule bosi wa watu 12. Hayuko Kariakoo, hayuko Mikocheni, na mwakani anataka kuajiri wengine wanane. Nilimwambia anunue vya kudumu kwa kipimo cha ofisi ya watu 25, na vya kubadilika kwa kipimo cha leo. Kebo Cat6, shaba tupu, pointi mbili kila meza pamoja na meza nane ambazo bado hazina watu. Kabati la ukutani la nafasi 12, ingawa leo anatumia tano. Bomba la kupitishia kebo lenye nafasi ya nusu. Swichi moja ya matundu 24 inayopangilika na yenye PoE, vituo viwili vya Wi-Fi, ruta ya kawaida yenye akiba ya 4G. Inveta na betri moja. Fayawoli kubwa aliyoandikiwa na muuzaji mwingine tuliifuta. Pesa yake ndiyo iliyolipia kebo ya zile meza nane.

Siku ya kukabidhi tulibandika mchoro ndani ya mlango wa kabati: kebo namba ngapi inakwenda chumba gani, VLAN ipi ina anwani zipi. Maneno ya siri yakaingia kwenye bahasha, ikafungwa kwa gundi, ikawekwa kwenye sefu ya mama wa hesabu, kwa sababu fundi husafiri, huugua, hubadilisha namba. Kwenye kabati chini ya swichi kuna nafasi saba wazi, na kebo 16 za wale wanane zimekunjwa juu yake, kila moja na namba yake.